Kutu

Nyuzi za besi huchemshwa kama muhogo:
maji ya kuzifunika, siki kijiko kimoja, robo saa,
kisha unazianika kambani
baina ya leso mbili za mama.
Hatukufundishwa na mtu. Ni hewa ya Changamwe,
ilani bawaba za mlango kabla wiki haijesha,
ndiyo iliyotusomesha.

Gitaa la Lewela lilishuka na kontena la mitumba,
halina shingo.
Shingo aliichonga fundi Mbwarali
kwa mbao ya kitanda kilichovunjika usiku wa harusi
ya mtu nisiyemtaja.
Tsuma alikuwa na madebe mawili ya mafuta ya kupikia,
matoazi ya bati la lori,
na kiti cha saluni.
Mimi nilipewa besi kwa sababu nilichelewa kufika.

Jumapili, karakana ya kuchomelea ikiwa tupu,
tulipiga kati ya alasiri na magharibi.
Msikiti uko ukuta kwa ukuta.
Adhana ikianza, vidole vilijinyamazia vyenyewe,
hivyo kila wimbo ukazoea kuisha mapema.
Leo wajuzi wasifu: nyimbo zao fupi, zakata kama wembe,
huo ndio mtindo.
Mtindo! Ilikuwa tokeni ya stima ya shilingi hamsini
na muadhini asiyechelewa.

Bi Rukiya alikuja na ufagio mkononi.
"Hino ni ngoma, au ni gari lagonga gari?"
Tukainamisha vichwa.
Akafika mlangoni, akageuka.
"Lakini ile ya chini, idundayo kama maradhi ya moyo,
hebu irudieni."

Jina hatukuwa nalo. Lewela alitaka la Kizungu,
refu, lenye mauti ndani yake.
Kisha uzi ukanikata kidole, nikaenda zahanati
kudungwa sindano ya pepopunda.
Muuguzi akauliza nimekatwa na nini, akaandika kadini
neno moja, kwa herufi kubwa.
Nikarudi na kadi. Ubishi ukaisha.

Onyesho la kwanza, ukumbi wa reli:
watu kumi na mmoja, watatu kati yao wamekimbia mvua.
Wimbo wa pili, fyuzi ikaungua.
Tsuma hakuacha. Alipiga gizani peke yake
mpaka mmoja wa wale wa mvua, msichana, Sidi,
akaanza kumjibu kwa viganja juu ya kiti cha plastiki.

Bwana mmoja akatoka Nairobi na karatasi tisa.
Tulizisoma kwa sauti, hatua kwa hatua.
Ukurasa wa nne: nyimbo zote ni mali yake,
pamoja na zile ambazo hazijatungwa.
Mbwarali akainua miwani ya kuchomelea:
"Na wajukuu wenu, wameandikwa ukurasa wa ngapi?"
Karatasi tukamrudishia.
Kalamu tulibaki nayo, ilikuwa nzuri.

Tukarekodi wenyewe kwenye ghala la magodoro,
sponji ikimeza mwangwi,
mwenye ghala akitukumbusha tusikalie bidhaa.
Flashi mia mbili. Tuliziuza mkono kwa mkono
Kongowea, Tudor, hadi Voi kwa binamu zake Lewela.
Deni la flashi bado tunalipa.

Tsuma yuko Doha, analinda mlango wa jengo
ambalo yeye mwenyewe haruhusiwi kupanda lifti yake.
Saa nane za usiku hututumia sauti:
vidole vyake kwenye chuma cha kitanda cha ghorofa,
mdundo mpya,
na aliyelala chini akilalama kwa lugha tusiyoijua.
Sidi huusikiliza mara tatu, ndipo ashike vijiti.
Yale malalamiko hatukuyafuta. Yamo wimboni.

Kesho tunapiga Likoni.
Mama amesimama jikoni, mikono kiunoni:
hiyo sufuria ni ya wali.
Najua, mama.
Maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi.
Bado dakika tatu.