Ulanga wa Bibi Nasto

Atomu zimejipanga, safu kwa safu zakaa;
ukipasua ulanga, jani kwa jani hung'aa;
hakuna anayetanga, wala anayezubaa.
Miamba ikijigonga, nyumba yao haihami.

Bibi alishika kisu, msichana, Karelia;
akapasua kwa nusu, ya nusu, akirudia;
pumzi ingelibusu, jani lingejirukia.
Mkate wake ni nusu; nyumba yao haihami.

Sasa ni Dubna, Februari, saa tisa usiku.
Volga imeganda kiasi cha kubeba malori.
Taisiya, mjukuu, amevaa soksi juu ya soksi
na koti jeupe lililofumuka kwapani.
Jani la bibi analibandika kwenye bamba la shaba
kwa utepe, kwa koleo ndogo, ulimi nje kidogo.
Pampu zinafyonza hewa mpaka chumbani
hakuna wa kutoa ushahidi.
"Zenoni," anasema Yefim Lukich kwenye simu ya ukutani,
kama mtu anayeagiza chai.
"Sekunde tatu. Zisije zikakanyagana."

Halafu ioni.

Haigongi.
Asiyejua hudhani ni risasi, chuma kwa jiwe.
Hii inapita katikati ya watu bila kumgusa mtu bega,
ila elektroni zinatimka
          kama kuku mbele ya
     gari
na joto lao linawamwagikia waliobaki,
nyuzi elfu   juu ya elfu
    safu kwa sa
              fu za
      atomu zimeji
                     nga     pa
na kabla ulimi haujagusa herufi ya kwanza ya neno "moto",
kabla ya sehemu ya bilioni ya sekunde
(muda mrefu huo, mtu angeweza kuzeeka ndani yake),
baridi imerudi.
Kila mmoja ameganda alipokutwa,
mguu mmoja hewani.

Hakuna moshi, hakuna ufa.
Jani linatoka kama lilivyoingia.
Taisiya analiinua kwenye taa, anaona kucha yake upande wa pili.
"Mbona zima?" anauliza mwanafunzi mgeni.
"Subiri asidi."

Asidi ile inayokula hata chupa
haina haraka na waliosimama safuni, mikono imeshikana.
Inaanza na pale palipovurugika,
pale ambapo hakuna wa kumshika mwenzake.
Inashuka njia ile ile, nyembamba kuliko neno "nyembamba",
inaipanua, inaipanua,
mpaka darubini inasema: tazama.

Mwanafunzi anatarajia miduara.
Anaona pembe nne zilizolala upande,
vipande vya kashata,
vyote vimeelekea kumoja.
"Nani amevichonga?"
"Waliobaki wima," anasema Taisiya.
"Ioni ilifungua mlango tu. Fremu ni yao."

Yefim Lukich ameshuka na bilauri yake.
Anasema ipo fuwele nyingine, ya zirikonia;
ukiipiga usiku inajishona,
asubuhi huwezi kuapa kwamba ilipigwa.
"Hiyo ni ya kuzikia taka za vinu," anajibu bila kugeuka.
"Mimi nahitaji ya kuhesabia."

Mia nne na kumi na mbili.
Anarudia. Mia nne na kumi na moja.
Bibi naye alihesabu hivyo, jani kwa jani, kwa kila zamu,
hadi siku walipopandishwa treni, kijiji kizima,
na kisu kikabaki juu ya meza.
Hakuwahi kusema meza ile ilitazama wapi.

Saa mbili asubuhi anakwenda nyumbani kwa kukatisha mto.
Wavuvi wameketi kwenye ndoo, migongo kwa upepo,
kila mmoja na tundu lake kwenye barafu.
Barafu nayo ni fuwele, nayo ina safu,
lakini matundu haya ni ya duara, yote.
Hapa keekee ndiyo iliyoamua.
Anayahesabu akipita. Saba.
Anageuka, anahesabu tena.