Gunia Ni Kilo Ngapi

Muhula huu hakuna mtihani wa kuandika,
alisema Mwalimu Ngailo, akipangusa ukungu
kwenye kioo cha dirisha la maabara.
Nendeni mkatafute tatizo lenye tope.
Likiwa safi, si letu.

Kompyuta nane, sisi thelathini na mmoja,
masweta hadi shingoni, vidole vikavu kwa baridi ya Juni.
Mimi na Subilaga tukaangukia soko la viazi, Isyonje.
Tukaona kazi nyepesi: magunia mara bei,
toa ushuru, toa nauli ya Fuso, basi.
Mstari wa kwanza aliuandika yeye:
*gunia = 100.*
Programu ikakubali. Haikuuliza kitu.

Jumamosi tukapanda Isyonje, kompyuta mpakato
imefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
Mama Anyitike akasoma jibu, akalirudia,
akacheka hadi kilemba kikamlegea.
"Mia? Wanangu, mia ya nani?"
Akatuonyesha: gunia limejaa hadi mdomoni,
halafu juu ya mdomo kichuguu kingine cha viazi
kimeshonewa kamba.
Lumbesa.
Dalali hulipa gunia moja.
Kichuguu huenda nacho.

Tukaazima mzani wa wanunuzi wa pareto.
Mia na thelathini na sita.
Mia na arobaini na moja.
Mia na ishirini na tisa, na hilo waliliita dogo.
Dalali mwenye koti la ngozi akasimama nyuma yetu,
akauliza tumetumwa na nani.
Subilaga akajibu, "Na mwalimu,"
sauti yake nyembamba kama uzi.

Usiku bwenini umeme umekatika, betri asilimia tisa,
tukaifuta ile mia.
Tarakimu tatu tu, lakini vyote vilivyoiegemea
vikaporomoka: faida, jedwali, hata kichwa cha ripoti.
Subilaga alilia kidogo, akanikataza kusema
(nisamehe, Subi), kisha akaanza upya,
akaacha nafasi tupu penye uzito
ili kila gunia liulizwe lenyewe.

Tuliporudi, Mama Anyitike hakusifu.
Alitazama hasara ya gunia moja, ya kumi, ya arobaini.
Akanyamaza. Akafuta udongo kiganjani, akauliza:
"Inaweza kuhesabu na za mwaka juzi?
Na zile za marehemu mama?"

Tukatazamana.
Kwenye nafasi tupu
kimshale kilikuwa kikipepesa, kikipepesa,
kikisubiri namba.