Kiwanja Namba 212, Nzuguni

Nilikuja na barua ya uhamisho
na kitawi cha mwasumini ndani ya kopo la maziwa,
nimekipakata toka Muheza mpaka stendi ya Nanenane
kama mtoto mwenye homa.
Kondakta akauliza, "Na hicho nacho kimelipa nauli?"

Septemba haikukipa hata mwezi.
Upepo wa hapa hauvumi, unafagia:
unachukua udongo wangu unampa jirani,
jioni unaurudisha, na deni haliishi.
Majani yakakunjamana kama risiti mfukoni.
Maji ya mgao, Jumanne na Ijumaa,
ndoo ya kuogea nusu yangu, nusu yake.
Ijumaa ya tatu nikaoga ndoo nzima.

Kazini napima viwanja vya watu,
nang'amua mpaka uliosogezwa kwa unyayo mmoja.
Kwangu ishirini kwa thelathini, nyekundu tupu;
jembe likigonga, linalia kengele ya shule.

Ng'ambo ya wigo wa minyaa anakaa Sechelela Ndahani,
mpika vitumbua, mkono mmoja umeungua mafuta.
Oktoba alinikuta nachimba mashimo.
"Bwana Mpimaji, unazika nani?"
"Napanda maua."
"Yatakula nini?"
Jioni akanirushia gunia la samadi ya mbuzi,
likanikosa sikio kidogo.
"Tia hilo, kisha kaa.
Huku hatupandi kwa hamu. Tunapanda kwa mawingu."

Novemba mawingu yalikuja kutembea tu,
yakakaa juu ya Mlimwa
kama wageni wasiovua viatu,
yakaaga.

Desemba, usiku wa kuamkia tarehe kumi na moja,
bati likaanza kuhesabu.
Moja.
Moja. Mbili.
Halafu hesabu ikalishinda.
Nikatoka na kaptula, nikatega sufuria, beseni,
hata lile kopo la maziwa lililobaki tupu,
na ile harufu, jamani,
ardhi ikifungua kinywa baada ya miezi saba.
Ng'ambo niliona tochi:
Sechelela, kanga kichwani, anadondosha njugu mawe
hatua kwa hatua, akijihesabia kwa Kigogo.

Januari uwanja ukajaa vitu nisivyovijua.
Nikapiga magoti, nikang'oa,
nikang'oa asubuhi nzima, mstari kwa mstari,
kwa usafi wa mtu wa ramani,
hata nikasikia yowe:
"We! Unang'oa mboga yako ya jioni!"

Nikatazama mkononi. Mlenda.
Mlenda uliojiotea bila barua wala kibali,
juu ya mashimo yangu ya maua.

Hakucheka. Alipita kwenye pengo la wigo,
akachagua katika lundo langu majani yaliyokuwa hai bado,
akapika kwa magadi na karanga za kutwanga.
Nikachovya tonge la uwele,
uzi ukavutika hadi kidevuni.
Miaka thelathini na minane nimekula samaki wa nazi;
usiku ule nilikula kiwanja changu.

Machi, boga limepanda ukuta wa choo
na linatazama nyumba ya mwenyekiti wa mtaa.
Bogenvilia niliyoisahau nyuma ya tangi,
niliyoinyima maji kwa hasira,
imewaka zambarau yote.
Mzabibu una vishada vitatu. Ndege wana viwili.

Sasa ni Mei, mvua imefunga mlango.
Majani ya mlenda yanakauka juu ya bati,
yananuka kama daftari jipya,
na Sechelela ananifokea nisiyageuze kila saa.

Dada yangu amepiga simu toka Muheza:
"Mwasumini wangu umeshatoa maua?"
Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kesho napeleka kopo la maziwa kwenye basi la Tanga,
limeshindiliwa mlenda mkavu mpaka kifuniko kinagoma.
Najua atafungua, atanusa,
atauliza ni dawa ya nini.