Penseli

Ndani ya droo ya dashibodi nilikuta kidaftari cha Kijapani,
tarakimu tu ndizo nilizoweza kusoma.
Mtu fulani alimwaga oili kila kilomita elfu tano,
akaandika kwa penseli, hakuruka hata mara moja.
Mimi nililinunua kwa pesa za vitunguu vya Mang'ola
na wiki ya kwanza nikaunguza klachi.

Elirehema wa Unga Limited, gereji nyuma ya mashine ya kusaga,
hana haraka. Anachomeka waya chini ya usukani.
Laptopu yake imeng'oka herufi E.
Anavaa visikilizio kama daktari wa kifua:
"Kanyaga."
Tunaipita Kisongo, gia ya tatu, mguu hadi kwenye kapeti,
turbo inapiga mluzi,
Meru unasinyaa ndani ya kioo cha nyuma.

"Inagonga."
Mimi sisikii kitu.
"Hesabu zake ziliandikwa kando ya bahari,
kwa petroli isiyotiwa tamaa.
Huku juu hewa nyepesi, turbo inajikaza kupita kiasi."

Nilikuja kuomba nguvu. Vijana wa Sakina nimeshawatambia.
Yeye akapunguza:
digrii mbili hapa, presha kidogo pale,
kidole kikibonyeza shimo palipokuwa na E.

Tulirudi injini ikinguruma chini kwa chini
kama ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.
Nikamlipa. Dukani nikanunua penseli.
Chini ya mwandiko nisioujua
nikaandika tarehe, kilomita,
oili.