Uzi wa Gramu Kumi

Jumanne, saa tatu kasorobo. Mvua ya Blaenau
inagonga paa la mawe kama mdai wa kodi.
Idwal Pritchard anavua soksi polepole,
anaikunja, anaitia ndani ya kiatu
kama anayelaza mtoto.
"Samahani kwa harufu," anasema.
Wote husema hivyo. Miaka kumi na tisa katika kazi hii
sijaona mtu akiuombea uso wake radhi.

Miaka thelathini na minne aligawa barua mji huu:
ngazi za Tan-y-Graig, sabini na mbili, zenye ukungu wa kijani,
lango la Bi Gwenllian linalofunguka kwa goti tu.
Miguu ilijua njia kabla yake.
Sasa ana kisukari,
nayo imenyamaza.

Nashika uzi wa nailoni, mwembamba kama sharubu ya paka.
Ukipinda, umebeba gramu kumi, si zaidi.
"Fumba macho. Ukihisi, sema ndiyo."
Kidole gumba.
Kidole cha tatu.
Chini ya vidole, penye sugu ya rangi ya nta.
Mvua tu ndiyo inayojibu.
Kisha nainua mkono, simgusi popote,
naye anasema, "Ndiyo."
Anasema tena, "Ndiyo, ndiyo,"
kwa adabu, kama anayeitikia mlangoni
na hapana aliyebisha.

Natafuta mapigo juu ya mguu kwa vidole viwili.
Nasubiri. Yapo. Membamba, lakini yapo.
Nageuza kiatu chake, nakikung'uta,
kitu kinadondoka, kinabingirika hadi kwenye mizani:
betri ya kifaa chake cha sikio, duara, ndogo kuliko kunde.
"Hee! Naitafuta tangu Jumamosi!"
Anacheka mpaka kiti kinalia.
Nami nacheka, hadi ninapoinua unyayo
na kuona ile duara imejichora pale,
zambarau, na katikati yake ngozi imelainika.

Kaka yake, Ifor, alianza na lengelenge.
Hatumtaji. Yupo chumbani lakini,
na suruali yake iliyokunjwa kwa pini.

Nafanya kazi yangu: kisu, chumvi ya maji, bandeji.
Sugu inaanguka kwenye karatasi kama jibini iliyokunwa.
Ufa usipozibwa hujengwa ukuta, sawa,
ila kisigino hakina fundi wa kukijenga upya,
kwa hiyo naziba leo, na Ijumaa utarudi,
na usiku utaweka kioo sakafuni,
usome nyayo zako kama ulivyosoma anwani
zilizoandikwa na watoto.
"Na kiatu?"
Mkono kwanza, Idwal. Mguu baadaye.

Anajaribu. Anaingiza vidole kidogokidogo,
shingo kaivuta nyuma,
kama anayetia barua kwenye tundu la mlango
akijua upande wa pili
mbwa amekaa, anangoja.