Bili ya Chumba cha Juu

Drahomíra hukodisha chumba mjini Zlín,
hatua mia mbili kutoka kliniki.
Haulizi. Sindano za wageni hulala kwenye friji yake,
kando ya siagi.

Mwaka juzi Gráinne na Fiachra walitoka Sligo
na bei ya gari lao.
Mwaka jana, mkopo.
Safari hii wamekuja na mkate wao,
wanautafuna kimyakimya.
"Kwetu ni mara tatu," asema Fiachra,
"hata ukijumlisha ndege."

Mahali fulani, mwanafunzi asiyewajua
yai lake limemlipia kodi ya muhula.

Drahomíra anachemsha mawili ya kuku,
anapanda nayo ngazi.
Kwenye bili anaandika: kifungua kinywa, sifuri.
Anaitazama.
Anaifuta, anaandika koruna arobaini,
wasije wakajiona wanahurumiwa.