Kituo cha Tano

Tumekutana saa tatu asubuhi penye kisima cha ngazi,
pale mabomba ya mawe yalipochongwa vinywa vya mamba.
Watu tisa, kofia saba.
Nimewahesabu mara mbili, maana vichochoro vya Patan
vimezoea kumeza wageni
na kuwatapika uani kwa mtu, mwenyewe yumo anakoga.

Kituo cha kwanza, Bhimraj na masufuria yake ya shaba.
"Fumbeni macho," nawaambia, "sikilizeni kwanza."
Kila chungu, kabla hakijawa chungu,
hupitia utoto wa kuwa kengele.
Hilo nalisema kila siku,
na kila siku wanatabasamu palepale.

Cha pili, Astaman, mchonga madirisha.
Tausi mmoja, miezi mitano.
Bwana mmoja mrefu anapiga hesabu kwenye simu yake,
anataka kujua hiyo ni shilingi ngapi kwa saa.
Astaman anapuliza unga wa mbao,
anajibu kwa Kinewari, pole pole, bila kuinua uso.
"Anasema swali lako ni zuri," natafsiri.
Sivyo alivyosema.

Kituo cha tatu ni mlango.
Mfua fedha alifariki masika yaliyopita;
mwanawe yuko Doha, anafunga viyoyozi
katika minara ambayo hatalala ndani yake.
Lakini karatasi ya ratiba inasema vituo vitano,
wamelipia vitano,
basi napunguza mwendo, nagusa kufuli:
"Hata hili ni kazi ya mkono."
Wanalipiga picha.

Cha nne ni chai. Chai haina maelezo.

Na cha tano,
ngazi ya mbao, inama kichwa, tena inama,
chumba kinachonuka moshi na asali iliyoungua.
Mzee Purnaratna amekaa juu ya mkeka
ameshika mkono wa mungu wa kike,
vidole vitano vya nta,
anavisogeza kwenye makaa, anavirudisha,
kama mtu anayempasha moto mtoto aliyetoka mvuani.

Nasimulia: nta ya nyuki, utomvu wa miti, samli kidogo,
wakati wa baridi samli zaidi.
Juu yake udongo na samadi ya ng'ombe,
kisha udongo wenye pumba za mpunga,
kisha jua, wiki baada ya wiki.
Halafu moto. Nta inatoka yote,
inaacha umbo la kutokuwepo kwake,
na humo ndimo inamomiminwa shaba.
Kalibu inavunjwa. Haitumiki mara ya pili.
"Vizazi sita," namalizia, kama kawaida.

"Na wa saba?" anauliza mama mwenye koti la manjano.

Ratiba haina jibu la hilo.
Natazama rafu. Mabaki ya nta huyeyushwa kila Jumamosi,
hakuna kinachosazwa,
ila tembo mmoja, mdogo kama kokwa la embe,
amekaa pale miaka kumi na minane,
na vumbi lake, na sikio lake moja.
La pili lilimshinda aliyemfinyanga;
alikuwa na miaka tisa, akalia, akaenda kucheza,
akaenda shule, akajifunza lugha nne za kuuliza
mmefurahia safari?

"Yule tembo bei gani?" Bwana mrefu tena.
"Hauzwi. Bado hajaisha."

Mzee hajui neno hata moja la tunayosema.
Tumekubaliana, mbele ya wageni
mimi si mtu wake, ni kazi tu.
Leo anaweka chini ule mkono wa nta,
ananitazama viatu, kisha uso,
ananiuliza neno moja.

Wote tisa wananigeukia. Amesema nini?

"Anasema karibuni tena."

Tunashuka ngazi, inama kichwa, tena inama.
Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni.
Aliniuliza kama nimekula.